Mdogo Wangu Gramu Amepotea

Jumatatu, 4 Machi

Mvua bado. Joto limekaa juu ya bati kama mgeni asiyejua kuaga.

Simu imefika. Imetumwa na binti wa mdogo wangu, mpishi katika meli ya mizigo. Akiwa baharini hukaa hata mwezi mzima bila mawasiliano, na kila wakitia nanga anataka kumwona baba yake uso kwa uso, sauti peke yake haimtoshi. "Shangazi, usinikatalie," ameandika kwenye kikaratasi. Simu yangu ya vibonye inanitosha, nasikia na nasikika. Lakini huyo sijawahi kumkatalia kitu.

Mdogo wangu aliipokea kabla yangu. Akaiweka kiganjani, akakipandisha na kukishusha kiganja mara mbili, kama afanyavyo kwa kila kitu.

"Gramu mia na tisini."

Msusi, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, akasoma kasha. "Mia na themanini na saba. Leo umekosea, Mzee."

"Ifute hayo mafuta ya nywele uliyoipaka, ndipo usome tena."

Kwa atakayelisoma daftari hili mimi nikiwa sipo: mdogo wangu alikuwa fundi na mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na minne. Hakuna duka wala bucha la mji huu ambalo hakuingia na kijisanduku chake cha mawe ya shaba ya kupimia, ndiyo maana wakamwita Gramu. Mimi nilikuwa msahihishaji gazetini, wenzangu wakaniita Nukta. Sote wawili tuliishi kwa kuwinda makosa ya watu. Sasa yeye anasahau. Anajua uzito wa kila kitu na hajui kama amekula.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Ndoo tatu chini ya bati linalovuja.

Jumamosi, 9 Machi

Msusi ameniingiza mtandaoni. Alinikalisha kwenye kiti chake cha kusukia, akasimama nyuma yangu, akawa anaelekeza kwa chanuo. "Hapa unasoma ya watu. Hapa unaandika ya kwako. Ukipenda kitu unabonyeza moyo."

"Na nisipopenda?"

"Unapita, Mama. Kama barabarani."

Sikuweza kupita. Mtu aliandika kwamba amengoja fundi bomba "masaa matatu". Nilimweleza kwa upole kwamba neno saa halibadiliki kwenye wingi. Saa moja, saa tatu, kama nyumba moja, nyumba tatu. Akanijibu: "Bibi, hapa si shuleni. Maji yamejaa sebuleni." Watu sitini na wawili wakampa mioyo. Mimi nikapata mmoja, na naamini ni wa Msusi.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi nimemkuta mdogo wangu mlangoni amevaa koti lake la kaki la kazi, vifungo vyote, na kijisanduku mkononi. Alistaafu miaka tisa iliyopita.

"Dada, leo ni ukaguzi. Wananingoja."

Nilimwambia ukaguzi umeahirishwa kwa sababu ya mvua. Akaridhika, akaketi, akangoja mvua iishe. Mvua haikuisha, nami nikaishukuru.

Jumamosi, 16 Machi

Nakiri jambo moja. Leo binti yake alikuwa bandarini, wakaonana kwenye kioo robo saa nzima. "Baba, nimenenepa?" Mdogo wangu akaipima simu kwa kiganja. "Hapana, ni ileile." Tulicheka sote watatu, kila mmoja kwa sababu yake. Kifaa hiki kina kazi.

Jumanne, 19 Machi

Ametoka. Ameondoka.

Ilikuwa yapata saa tatu asubuhi. Msusi alikuwa ameacha mlango wa mbele wazi kwa ajili ya mteja. Mimi nilikuwa mezani, simu mkononi, nikibishana na yuleyule wa masaa, maana jana alirudi na ushahidi wa kamusi, nami nilitaka kumwonyesha kwamba hajaisoma vizuri. Niliandika aya tatu. Nilizisahihisha. Nilipoinua kichwa, kiti cha mdogo wangu kilikuwa kitupu, na koti halikuwa kwenye msumari wake.

Mvua ilikuwa inapiga kama changarawe. Nilikwenda kushoto hadi kwa muuza mkaa, nikarudi, nikaenda kulia hadi kwenye daraja dogo. Maji ya mtaro yalikuwa ya rangi ya chai. Kila mtu alikuwa amejificha ndani, na mtu aliyejificha ndani haoni nani anapita. Sokoni, meza zilikuwa zimefunikwa plastiki. Kituo cha polisi, askari aliniuliza jina, umri, mavazi, akaandika vizuri, tena kwa mwandiko mzuri, kisha akasema, "Mama, magari mawili yamekwama kwenye maji. Endeleeni kumtafuta na nyinyi." Hakusema kwa ubaya.

Msusi alifunga kazi akazunguka mitaa ya juu. Alirudi jioni, viatu mkononi.

"Mama, andika mtandaoni. Kule kuna macho mengi kuliko yetu manne."

Nikaandika. Hapa nieleze. Gazetini nilikuwa pia mhariri wa matangazo madogo, na sifa yangu ilikuwa kukata. Mtu akileta mistari kumi, nabakiza miwili. Niliamini, na niliwafundisha vijana, kwamba neno la ziada ni jani linaloficha tunda. Kwa hiyo niliandika: "Mdogo wangu Gramu amepotea." Nikaweka picha nzuri kuliko zote, ambamo anacheka ameshika jiwe la kilo.

"Mbona fupi?" Msusi akauliza. "Weka amevaa nini. Weka anaumwa."

"Tangazo refu halisomwi, mwanangu. Wanaomjua wanamjua."

Akaenda kufunga mzigo wake. Alikuwa anawahi basi la alfajiri. Dada yake amejifungua huko shambani, ambako simu haishiki mpaka upande kilima.

Jumatano, 20 Machi

Nimefungua simu saa mbili asubuhi. Majibu arobaini na matatu. Moyo uliniruka.

La kwanza: "Hahaha kweli kapotea huyo mzee!" La pili: "Hata wewe Nukta umepotea, mkistaafu mnajificha." La tatu ni uso unaocheka machozi. La nne: "Tumemmisi, asipotee hivyo."

Sikusoma la tano. Nimeishi miaka sabini na mmoja, nimesoma barua za matusi walizoandikiwa wahariri, lakini sijawahi kuona watu wasio na haya kama hawa, wakimchekea mzee aliye kwenye mvua. Nimeizima simu, nimeitia kwenye droo ya cherehani na kuifunga. Ninaumwa na hasira, na hasira ina faida moja tu, haiachi nafasi ya kulia.

Nimetoka kumtafuta kwa miguu yangu.

Alhamisi, 21 Machi

Hakuna. Mvua.

Ijumaa, 22 Machi

Hospitali zote mbili za mji. Hakuna. Mlinzi wa ya pili alinishika mkono kunivusha dimbwi. Mvua.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Nimempikia. Nilijikuta nimepakua sahani mbili.

Jumatatu, 25 Machi

Kijisanduku cha mawe ya mizani ameondoka nacho, isipokuwa jiwe moja, la kilo, alilolisahau chini ya kitanda. Nimelishika kiganjani kama afanyavyo. Sikusikia chochote ila ubaridi.

Jumanne, 26 Machi

Msusi amerudi mchana, matope hadi magotini. Aliniona mlangoni, akajua.

"Bado? Na mtandaoni wamesemaje?"

"Wamecheka."

"Wamecheka nini? Iko wapi simu?"

Nikafungua droo. Tukangoja ipate chaji. Majibu yalikuwa mia mbili na kumi na moja. Alianza kusoma kimya, kidole kikipanda, mara kidole kikasimama.

"Mama," akasema polepole, "hawa hawamcheki. Hawa wanamsalimia."

Nikaichukua simu, nikasoma tena kuanzia la kwanza.

Nieleze, ingawa sijui namweleza nani. Mtu asipoonekana mwezi mmoja, ukikutana naye unamwambia: umepotea. Unasema ukitabasamu, naye anajibu nipo, na mnashikana mikono. Ni lawama iliyotiwa sukari. Ndilo neno hilohilo tunalolitumia kwa mtoto aliyetoweka sokoni. Kinywani sauti hulitofautisha. Kwenye maandishi halina sauti, lina majirani tu, yale maneno ya kushoto na kulia kwake. Nami niliwakata majirani wote, nikaliacha peke yake chini ya picha ya mtu anayecheka. Lingekuwa kwenye muswada wa mtu mwingine, ningeliwekea alama pembeni kwa kalamu nyekundu: utata.

Hata binti yake, walipotia nanga tarehe ishirini na mbili, alikuwa ameandika: "Baba nawe usipotee hivyo. Narudi mwezi wa tano, nimekununulia kofia." Kisha meli ikang'oa nanga.

Si hilo peke yake. Jibu la kumi na moja, la tarehe ishirini, saa kumi na mbili asubuhi, ni la muuza nyama wa soko la zamani, ambaye Gramu alimtengenezea mizani miaka yote ile: "Kapotea kweli! Leo ndiyo nimemwona, kituo cha mabasi, koti lake lilelile. Nikampungia, naye akanipungia. Bado mgumu. Nukta, mwambie mizani yangu imeanza uongo, apite."

Ningesoma majibu kumi na moja badala ya manne.

Tumeandika tangazo jipya. Jina, umri, koti la kaki, kovu la kidole gumba, ugonjwa wake, njia anazopenda, namba mbili za simu, na hili: "Ukimpa kitu chochote mkononi, atakuambia uzito wake." Msusi alisema, "Mama, sasa limekuwa refu."

"Liache liwe refu."

Jumatano, 27 Machi

Nimekwenda kwa muuza nyama. Alikuwa ameshaliona tangazo jipya, akaacha kisu kwenye gogo aliponiona.

"Dada Nukta, mimi nimemuua."

"Usiseme hivyo. Alisema nini?"

"Nilikuwa upande wa pili wa barabara. Nikamwita, Gramu, unakwenda wapi? Akasema, ukaguzi. Nikamwambia haya, kazi njema. Nikacheka, Dada. Nikajua ni utani wake. Si unamjua?"

"Namjua."

"Ningevuka tu. Mvua ilikuwa kubwa, sikuvuka."

Nilitaka kumlaumu, na nilikuwa na haki. Lakini yeye alimwona na akaniambia siku ileile. Mimi ndiye niliyeifungia habari yake kwenye droo, siku sita. Tulikaa kwenye benchi lake, watu wawili na mizani mbovu juu ya vichwa vyetu, hata mteja alipokuja akaona afadhali aende kwingine.

Jumapili, 31 Machi

Ndoo sasa ni tano. Tangazo limesambazwa mara elfu moja na mia nne. Kati ya waliolisambaza yumo yule wa masaa. Ameniandikia: "Bibi, nimelichapa karatasi thelathini, nimebandika vituo vyote vya njia ya kaskazini. Nimelinda na plastiki." Nimemshukuru. Akaongeza: "Imenichukua masaa mawili tu." Sikumsahihisha.

Jumatano, 3 Aprili

Ameonekana sehemu nne leo, umbali wa siku nzima kati ya moja na nyingine. Msusi anapiga simu moja moja. Si yeye. Si yeye. Mmoja ni yeye kabisa, mpaka alipotuma picha.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 8 Aprili

Ujumbe saa sita mchana, kutoka kwa mwanamke asiyeweka picha yake:

"Shikamoo Mama. Mimi nafua nguo hospitali ya huku kwetu. Wodi ya wanaume kuna mzee aliletwa na watu wa lori wiki mbili zilizopita, alikuwa amelowa, hana koti wala kitu. Hasemi jina. Kwenye faili wameandika Hajulikani. Leo nilipokuwa nabadilisha mashuka nikampa moja anishikie, akasema, gramu mia sita na hamsini. Nikadhani anaweweseka. Halafu nikakumbuka tangazo lako. Nikaenda kulipima jikoni. Mama, ni mia sita na arobaini na tano, ila lilikuwa bado na unyevu."

Jumanne, 9 Aprili

Safari nusu siku, mimi na Msusi. Barabara ilikuwa imekatika mahali pawili, tulivuka kwa miguu.

Mfuaji alitungojea mlangoni, mikono imekunjamana kwa maji. Wodi ina vitanda ishirini, chake ni cha dirishani. Nilimpita. Nilimpita, nikafika mwisho wa safu, nikageuka kuuliza yuko wapi. Alikuwa amebaki nusu. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Daktari anasema ni nimonia, na kwamba wangejua mapema ana nani na ana ugonjwa gani, wangejua kwa nini anang'oa dripu.

Nikaketi kitandani. "Mdogo wangu. Ni mimi."

Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekosea mlango. Nikautia mkono wangu kwenye kiganja chake, sikujua la kufanya jingine. Kiganja kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena.

"Mia tatu na hamsini," akasema.

"Mkono wangu?"

"Mm. Wa Dada ulikuwa mia nne."

Hakuurudisha. Aliushika mpaka akalala. Msusi alitoka nje, nikamsikia ukumbini akilia kwa sauti ya chini, na mfuaji akimwambia, "Haya, dada, haya."

Ijumaa, 12 Aprili

Amefariki saa nne asubuhi. Mvua haikunyesha.

Jumatatu, 15 Aprili

Tumemzika. Niliogopa tungekuwa watano. Walikuja watu zaidi ya mia, wengi wao sijawahi kuwaona. Walikuwa wakijitambulisha kwa majina yao ya mtandaoni, kwa aibu kidogo, kama watu waliovaa nguo za kuazima. Muuza nyama alibeba upande wa kichwa na hakukubali kupokewa. Mfuaji alileta lile shuka, limekauka. Wa masaa ni mtu mzima mwenye mvi, fundi wa mafriji. Alisema, "Pole, Bibi," akasimama nyuma mpaka mwisho.

Niliwaita watu wasio na haya. Nalifuta neno hilo hapa, kwa kalamu nyekundu.

Jumatatu, 22 Aprili

Binti yake ametia nanga. Niliandaa maneno siku nne, nikayasahihisha mengi, na alipotokea kwenye kioo alikuwa ameivaa ile kofia, ili baba yake aione.

"Shangazi, yuko wapi? Bado anapotea potea?"

Alinitazama usoni, akaivua kofia.

Jumamosi, 27 Aprili

Tangazo haliachi kutembea. Nimeandika chini yake kwamba alipatikana, kwamba amefariki, kwamba tunashukuru. Lakini watu walilinakili, na nakala hazina habari na mama yao. Jana ameonekana stendi. Leo ameonekana kwenye ghala la mahindi, anapima magunia kwa macho. Msusi ananiambia, "Lifute, Mama, litakuua." Nimefuta langu. La watu siwezi.

Gazeti likichapa kosa, kesho yake tulikuwa tunachapa masahihisho, nalo gazeti la jana linafungia samaki. Hapa hakuna jana.

Jumatatu, 6 Mei

Mtu ameniandikia kwamba amemwona mdogo wangu amekaa nje ya duka la viatu. Nilianza kumjibu kama ninavyowajibu wote: asante, si yeye. Kisha nikaacha. Kuna mzee amekaa nje ya duka la viatu. Huyo ni nani?

Nikaandika: "Si wangu, lakini ni wa mtu. Usimpungie mkono. Vuka barabara, msogelee, mwulize anatoka wapi, umpe maji."

Baada ya saa mbili akajibu: "Nimempeleka kwake. Mkewe alikuwa hajaanza kumtafuta."

Nimelisoma mara nyingi. Nilitarajia nijisikie vizuri. Nimejisikia kama mtu aliyeona maji ya kutosha siku ya pili baada ya moto.

Jumanne, 14 Mei

Wananiletea matangazo yao, Msusi ameeneza. Leo matatu. Nayarefusha. Sikati neno.

Jumatatu, 20 Mei

Ndoo zimekauka, nimezirudisha jikoni. Muuza nyama ameniandikia asubuhi: "Dada, umepo", lile neno la salamu likakatikia hapo. Baadaye kidogo akaja mwenyewe hadi mlangoni, kofia mkononi, akaketi. Alilishika jiwe la kilo lililo mezani, akaliweka polepole.

Jioni, ujumbe kutoka mji nisioujua: "Mama, nimemwona ndugu yako sokoni leo. Amevaa koti la kaki, mzima, anatembea."

Najua nilipomlaza. Nilikuwepo udongo ukirudishwa.

Nimemjibu: "Ulimpungia, au ulimsogelea?"

Bado hajajibu. Nimeiacha simu wazi mezani, nangoja.